Leseni ya CPA ya Marekani kwa mhasibu wa Dar es Salaam: anza na jimbo kabla ya mtihani

Marekani haina leseni moja ya kitaifa ya mhasibu wa umma, yaani CPA. Inazo mamlaka 55 zinazotoa leseni hiyo, nazo ni majimbo 50, Wilaya ya Columbia, Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Visiwa vya Mariana Kaskazini, na kila mamlaka ina bodi yake, sheria yake na masharti yake. Mambo yamekuwa hivyo tangu New York ilipotunga sheria ya kwanza ya CPA mwaka 1896. Kwa mhasibu wa Dar es Salaam, ambaye amezoea kwamba shauri lolote la taaluma linaishia NBAA, bodi moja ya taifa ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria moja ya mwaka 1972, hili ndilo jambo la kwanza kulielewa na ndilo linalosahaulika mapema kuliko yote.

Wengi wanaouliza kuhusu CPA ya Marekani huanza na mtihani: usomwe vitabu gani, unachukua muda gani, ni mgumu kuliko wa NBAA au la. Mtihani ni mmoja kwa mamlaka zote 55. Unatungwa na chama cha wahasibu cha Marekani, AICPA, maombi na matokeo yake yanaratibiwa na shirikisho la bodi za majimbo liitwalo NASBA, na vituo vya kufanyia vinaendeshwa na kampuni ya Prometric. Kinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kuufanya, na nani anapewa leseni baada ya kuufaulu. Mtu anaweza kufaulu sehemu zote nne, akatumia mamilioni ya shilingi na miaka yake miwili mizuri, kisha akagundua kwamba jimbo alilolichagua halitampa leseni kwa sababu hana msimamizi wa kutia saini fomu ya uzoefu, au kwa sababu hana namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Kwa hiyo ninakushauri uanze kupanga kutokea mwisho: soma kwanza masharti ya leseni, ndipo urudi kwenye masharti ya kufanya mtihani.

Masharti ya aina mbili yasiyopaswa kuchanganywa

Ukifungua tovuti ya bodi yoyote ya jimbo utakuta masharti ya kuruhusiwa kufanya mtihani na masharti ya kupewa leseni, mara nyingi katika kurasa tofauti. Ya kwanza huwa mepesi zaidi. Majimbo mengi yanamruhusu mtu kufanya mtihani akiwa na shahada ya kwanza na saa 120 za masomo kwa hesabu ya mihula ya Marekani, huku leseni yenyewe ikidai saa 150, uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja na, katika majimbo mengi, mtihani wa maadili. Aliyefaulu mtihani bila kupata leseni si CPA, na kujitambulisha kwa cheo hicho kunavunja sheria ya jimbo. Sema hivyo hata kwenye wasifu wako wa kuombea kazi: umefaulu mtihani, leseni bado.

Sharti la saa 150 limeanza kulegezwa. Ohio na Virginia zimepitisha sheria, zilizoanza kutumika Januari 2026, zinazoongeza njia nyingine: shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka miwili badala ya mmoja, na kufaulu mtihani uleule. Utah nayo imefuata mkondo huo, na majimbo mengine yanaendelea kubadili sheria zao. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kampuni ya ukaguzi mjini hapa bila kurudi chuoni kwa shahada ya uzamili, mabadiliko haya ni ya maana sana, ingawa hayaondoi swali gumu zaidi, yaani kama shahada yake ya kwanza itahesabiwa kuwa sawa na shahada ya kwanza ya Marekani. Kwa sababu sheria zinabadilika jimbo kwa jimbo, usitegemee maelezo ya rafiki aliyepita njia hii miaka mitatu iliyopita, hata kama alifanikiwa. Soma ukurasa wa bodi yenyewe, na penye utata waandikie barua pepe upate jibu la maandishi la kuhifadhi.

Hati za masomo

Hapa ndipo wahasibu wetu wengi hukwama, na hapa ndipo ningetaka mtu atumie muda mwingi zaidi kabla ya kulipa ada yoyote ya mtihani.

Shahada zetu nyingi za uhasibu, ziwe za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, IFM, Mzumbe, TIA au CBE, ni za miaka mitatu. Mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataka shahada ya kwanza iwe na angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Katika mfumo wa Marekani, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa huchukuliwa kuwa saa 30 za muhula, na shahada yao ya miaka minne huwa na saa 120. Kwa mizani hiyo krediti zetu nne ni kama saa moja yao, na shahada ya krediti 360 inakuwa saa 90. Wapo wathamini wanaozingatia kwamba mwanafunzi wetu amepitia kidato cha tano na cha sita kabla ya kuingia chuo, wakampa kitu kwa miaka hiyo, na wapo wasiofanya hivyo. Usikate tamaa kwa hesabu hii, lakini usiifumbie macho pia.

Chukua hati yako ya matokeo uiweke mezani. Kila mstari una msimbo wa kozi, jina la kozi, krediti na daraja. Kozi ya ukaguzi wa hesabu yenye krediti 12 igawe kwa nne, upate saa 3, na ya uhasibu wa gharama yenye krediti 8 ikupe saa 2. Fanya hivyo kwa kila mstari, kisha panga kozi katika mafungu mawili: za uhasibu wenyewe (uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, ukaguzi, kodi, mifumo ya taarifa za kihasibu) na za biashara (uchumi, sheria za biashara, takwimu, masoko, fedha za kampuni). Majimbo mengi hayaridhiki na jumla ya saa peke yake, kwa kuwa yanataka idadi maalumu ndani ya kila fungu. California, kwa mfano, imekuwa ikidai saa 24 za masomo ya uhasibu na saa 24 za masomo yanayohusiana na biashara ili mtu aruhusiwe kufanya mtihani, na kwenye njia yake ya saa 150 iliongeza sharti la masomo ya maadili kwa ajili ya leseni. Kozi za stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo, ambazo kila mmoja wetu alizisoma mwaka wa kwanza, zinaingia kwenye jumla lakini haziingii kwenye mafungu hayo.

Hesabu hiyo ni makadirio yako tu. Uamuzi hutoka kwa mthamini anayetambuliwa na bodi. NASBA ina kitengo chake cha kuthamini hati za nje, NIES, kinachotumiwa na mamlaka nyingi, na bodi nyingine zinaorodhesha wathamini wengine zinaowakubali, kwa hiyo ripoti iliyotengenezwa kwa ajili ya jimbo moja si lazima ikubaliwe na jingine. Kwa ambaye hajaamua jimbo, NIES inatoa tathmini ya awali inayoangalia hati zake bila kufungwa na mamlaka moja. Kwa maoni yangu fedha ya kulipia tathmini hiyo ndiyo inayotumika vizuri kuliko zote katika safari hii, kwa sababu inakupa jibu kabla hujajifunga.

Mthamini anataka hati ya matokeo itoke chuoni moja kwa moja. Maana yake ni kwamba utaomba ofisi ya usajili ya chuo chako itume hati hiyo yenyewe, kwa njia ya kielektroniki kama chuo kina utaratibu huo, au kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri juu ya mahali palipogundishwa. Bahasha iliyofunguliwa njiani haifai tena, hata kama kilichomo hakijaguswa. Omba nakala zaidi ya moja katika safari hiyohiyo, na kama chuo kinaruhusu omba pia muhtasari wa kozi zako za uhasibu, kwa sababu jina la kozi peke yake wakati mwingine halionyeshi kilichofundishwa: kozi iitwayo Fedha za Umma inaweza kuwa ya uhasibu wa serikali katika chuo kimoja na ya uchumi katika chuo kingine. Mwenye stashahada ya juu ya uhasibu ya zamani, ambayo hapa nyumbani imekuwa ikiheshimiwa sawa na shahada, aulize mapema kabisa, na kwa maandishi, kama itachukuliwa hivyo. Mwenye CPA(T), yaani sifa ya CPA itolewayo na NBAA, naye apeleke matokeo yake ya NBAA pamoja na hati za chuo na aombe mthamini aseme kama anayahesabu au la.

Kuna jambo la majina, ambalo linaonekana dogo mpaka likuzuie mlangoni. Jina kwenye maombi lazima lifanane na jina kwenye pasipoti, na hati za chuo lazima zionyeshe kuwa ni za mtu huyohuyo. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye cheti cha kidato cha nne, mawili kwenye shahada, na jina la kati lililoandikwa kwa herufi moja kwenye kitambulisho, na baadhi ya kina mama wamebadili jina baada ya ndoa. Linganisha hati zako zote kabla ya kuanza. Tofauti ndogo hueleweka kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili, na mabadiliko ya jina lenyewe yanahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kushughulikia jambo hili ukiwa Dar es Salaam ni kazi ya siku chache. Kulishughulikia ukiwa umesimama kwenye kituo cha mtihani Dubai haiwezekani, na ada hairudishwi.

Tathmini ikikuonyesha pengo, njia za kuliziba zinajulikana. Shahada ya uzamili katika uhasibu, fedha au biashara huongeza saa nyingi kwa mara moja, na kwa mtu aliye Dar es Salaam ambaye anaweza kuisoma jioni ndiyo njia ninayoipendelea, kwa kuwa inabaki na thamani hapa nyumbani hata kama mpango wa Marekani utabadilika. Kama pengo ni la kozi chache, vyuo vya jamii vya Marekani vinafundisha masomo ya uhasibu kwa mtandao na bodi nyingi zinayakubali, mradi chuo kiwe na ithibati inayotambuliwa. Kabla ya kujiandikisha tuma jina la kozi na la chuo kwa bodi na usubiri jibu lao.

Kuchagua jimbo

Baada ya tathmini, orodha ya mamlaka 55 itapungua haraka. Yaulize majimbo yaliyobaki maswali yafuatayo, kwa mpangilio huu.

Je, jimbo linashiriki katika mtihani unaofanyiwa nje ya Marekani? Si yote yanashiriki. Je, linadai namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani ili kutoa leseni? Mengine yanaidai bila mjadala, mengine yanakubali namba ya mlipakodi itolewayo na mamlaka ya kodi ya Marekani, na mengine yana fomu ya mgeni asiye na namba yoyote. Je, linataka mwombaji awe mkazi wa jimbo au afanye kazi humo? Je, msimamizi anayethibitisha uzoefu lazima awe na leseni ya CPA ya Marekani, na je, kazi iliyofanyiwa Tanzania inahesabiwa? Na mwisho, linatoza nini na linadai nini ili leseni ibaki hai?

Swali la msimamizi ndilo linaloamua kwa watu wengi wa hapa, na nitalirudia mbele. Swali la sifa ya jimbo halina uzito unaodhaniwa. Nimewasikia watu wakisema leseni ya New York au ya California ni kubwa kuliko ya Guam au Montana. Mtihani ni uleule, na mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi anachotaka kujua ni kama leseni ni halali na iko hai, jambo analoweza kulihakiki bure kwenye daftari la mtandaoni la CPAVerify. Sifa ya jimbo inakuwa na maana ukikusudia kuhamia huko na kufanya kazi huko. Hapo chagua jimbo utakaloishi, hata kama masharti yake ni magumu zaidi, kwa sababu kuhamisha leseni kutoka mamlaka moja kwenda nyingine kuna masharti yake, na leseni iliyopatikana kwa masharti mepesi inaweza isitoshe kule unakokwenda.

Wenzetu wenye uanachama wa vyama vya wahasibu vya nchi kadhaa, zikiwemo Kanada, Australia, Ireland na Afrika Kusini, wana mikataba ya kutambuana inayowaruhusu kufanya mtihani mmoja uitwao IQEX badala ya sehemu zote nne. NBAA haimo katika mikataba hiyo. Anayekuambia kwamba CPA(T) inakupa msamaha wa sehemu yoyote ya mtihani wa Marekani anakupotosha, na kama anakutoza fedha kwa maelezo hayo, mwache.

Mtihani wenyewe

Tangu Januari 2024 mtihani una sehemu tatu za lazima na moja ya kuchagua. Za lazima ni AUD, inayohusu ukaguzi na maadili, FAR, inayohusu uhasibu wa fedha na utoaji wa taarifa, na REG, inayohusu kodi za serikali kuu ya Marekani na sheria za biashara. Ya nne unaichagua kati ya BAR (uchambuzi wa biashara na uhasibu wa kina), ISC (mifumo ya taarifa na udhibiti wake) na TCP (kodi na upangaji wake). Kila sehemu ni ya saa nne, na alama ya kufaulu ni 75 katika kipimo cha 0 hadi 99, ambacho si asilimia ya maswali uliyopata. Sehemu unayoichagua haiandikwi kwenye leseni wala haikufungi kufanya kazi ya aina hiyo pekee.

Mhasibu wa Tanzania anaingia akiwa na nguvu katika AUD, kwa kuwa mantiki ya ukaguzi aliyojifunza kwa viwango vya kimataifa inafanana sana na yao. FAR ndiyo inayodanganya. Sisi tumetumia IFRS, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha ambavyo ndani yake zimo IAS, tangu 2004, na mtu anayefunga hesabu kila mwaka hudhani kwamba atapita kwa uzoefu. Kanuni za Marekani haziruhusu kuthaminisha upya majengo na mitambo kwenda juu kama IAS 16 inavyoruhusu. LIFO, yaani kuhesabu kwamba bidhaa zilizoingia mwisho ndizo zinazotoka kwanza, ambayo IAS 2 imeipiga marufuku, kwao ni halali. Hasara iliyotokana na kuporomoka kwa thamani ya mali inayotumika haiwezi kurudishwa mwaka unaofuata hata kama thamani imepanda, na gharama za uendelezaji wa bidhaa, ambazo IAS 38 inazitambua kuwa mali zikitimiza masharti, kwao kwa kawaida ni matumizi ya mwaka huo. Mazoea ndiyo yatakayokukosesha, kwa hiyo soma FAR kana kwamba ni somo jipya. REG nayo ni ngeni kabisa kwa aliyelelewa na sheria za TRA, na inahitaji muda kuliko unavyodhani. Kwa sehemu ya kuchagua, aliyekwisha kusoma REG vizuri huona TCP ikiwa ni mwendelezo wake, na tangu 2024 TCP ndiyo yenye kiwango cha juu cha ufaulu kati ya zile tatu, huku BAR ikiwa ya chini. Anayefanya kazi ya ukaguzi wa mifumo benki au kwenye kampuni ya simu afikirie ISC.

Taratibu zinakwenda hivi: bodi ikikukubali unalipia sehemu unazotaka, unapata taarifa ya ruhusa iitwayo NTS, unasajili mtihani wa nje ya Marekani kwenye tovuti ya NASBA, ndipo unapanga tarehe Prometric. Kwa anayetoka Dar es Salaam, Falme za Kiarabu, India na Misri ni miongoni mwa nchi zenye vituo vya mtihani huu. Angalia orodha iliyopo siku unayoomba, kisha ndipo ushughulikie viza na tiketi. NTS ina muda wake wa kuisha, mara nyingi miezi sita, na ikiisha ada imepotea, kwa hiyo usilipie sehemu nne kwa pamoja kama hujawa tayari kwa zaidi ya mbili. Sehemu za kuchagua zina vipindi vichache zaidi vya mtihani kuliko zile za lazima, hivyo linganisha kalenda yao na safari yako. Kwa miaka ya karibuni ada ya kila sehemu imezidi dola 250, na ada ya nyongeza ya kufanyia nje ya Marekani peke yake huzidi hiyo. Ukiongeza nauli na malazi, kufanya sehemu mbili katika safari moja kunaokoa fedha nyingi, lakini acha siku kadhaa katikati.

Ukifaulu sehemu ya kwanza, saa inaanza kuhesabu. Zamani ulipaswa kumaliza zote ndani ya miezi 18, na sasa mamlaka nyingi zimeongeza hadi miezi 30, ingawa kila moja ina namna yake ya kusema muda huo unaanza siku gani. Mtahiniwa wa nje pia hutia saini ahadi kwamba atafuatilia leseni baada ya kufaulu. Ahadi hiyo ni sababu nyingine ya kujua masharti ya leseni mapema.

Uzoefu na saini ya msimamizi

Majimbo mengi yanadai mwaka mmoja wa kazi, mara nyingi ukielezwa kama saa 2,000, katika uhasibu, ukaguzi, kodi au ushauri wa fedha, iwe kwenye kampuni ya ukaguzi, kampuni ya kawaida, serikalini au kwenye mashirika. Kwa kazi ya ukaguzi yapo majimbo yanayoongeza sharti: California inataka saa 500 za kazi za ukaguzi na uthibitishaji wa hesabu kwa anayetaka mamlaka ya kutia saini ripoti za aina hiyo.

Kwa mtu anayefanya kazi Dar es Salaam ugumu hauko kwenye saa hizo, kwani wengi wanazo mara tano. Uko kwenye mtu wa kuzithibitisha. Jimbo likidai kwamba msimamizi awe CPA mwenye leseni hai ya Marekani, tafuta kama yupo ofisini kwako kabla hujachagua jimbo hilo. Kampuni kubwa za kimataifa za ukaguzi zenye ofisi mjini hapa, mashirika ya misaada yanayokaguliwa kwa matakwa ya serikali ya Marekani, na kampuni tanzu za kampuni za Marekani ndizo sehemu zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na mtu wa namna hiyo. Awe ni mtu aliyekusimamia kweli, anayejua kazi yako, kwa kuwa atatia saini tamko la kisheria. Usimwombe mtu usiyefanya naye kazi akusaidie kutia saini. Ni udanganyifu, na unaweza kuiponza leseni yake pamoja na yako. Majimbo mengine yanamkubali msimamizi mwenye sifa zinazolingana kutoka nchi nyingine, na NASBA ina huduma ya kuthibitisha uzoefu kwa mamlaka chache kwa wasio na msimamizi mwenye leseni ya Marekani.

Anza kuandika rekodi yako leo. Weka daftari la kila mwezi: mteja au idara, aina ya kazi, saa, na msimamizi. Msimamizi akihama ofisi au akirudi kwao, mwombe athibitishe kipindi alichokusimamia kabla hajaondoka, kwa sababu kumtafuta baada ya miaka miwili ni kazi kubwa zaidi ya kusoma FAR.

Maadili, maombi ya leseni na kuitunza

Majimbo mengi yanataka ufaulu kozi ya maadili ya AICPA, unayoifanya nyumbani na ambayo kwa kawaida unapaswa kupata asilimia 90. California na Texas zina mitihani yao ya maadili, na Texas inadai pia kozi ya chuo ya maadili ya saa 3 iliyoidhinishwa na bodi. Baadhi ya bodi zinataka alama za vidole na uchunguzi wa kumbukumbu za jinai. Kwa aliye hapa hilo linamaanisha kwenda Polisi kuchukuliwa alama za vidole kwenye kadi wanayoitaka na, wakidai, kuomba cheti cha tabia njema. Jaza swali la makosa ya zamani kwa ukweli hata kama jambo lilimalizwa zamani. Kosa dogo lililotajwa mara nyingi husamehewa, lakini lililofichwa likigundulika huwa ni kosa jipya la uaminifu.

Leseni ikishatoka, ina muda wake. Majimbo mengi yanadai wastani wa saa 40 za mafunzo ya kujiendeleza kwa mwaka, kwa mpangilio tofauti: Texas saa 120 katika miaka mitatu na angalau 20 kila mwaka, California saa 80 katika miaka miwili. Semina unazohudhuria kwa ajili ya NBAA zinaweza kuhesabiwa katika baadhi ya majimbo, kwa hiyo hifadhi vyeti vyake vikiwa na tarehe, mada na idadi ya saa. Bodi ikikuchagua kwa uhakiki haitakubali maelezo matupu. Ukiona huwezi kutimiza saa hizo mwaka fulani, omba leseni iwekwe katika hali ya kutotumika kabla haijaisha. Kuirudisha baadaye ni rahisi kuliko kufufua iliyofutwa.

Leseni hiyo pia haikupi mamlaka ya kutia saini ripoti ya ukaguzi hapa nchini. Hesabu za kampuni ya Kariakoo au ya Mikocheni zinazopelekwa TRA na benki zinakaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA na mwenye cheti cha kutoa huduma za ukaguzi kwa umma, na CPA wa jimbo lolote la Marekani asiye na usajili huo hana nafasi hiyo. Kwa hiyo aliye na CPA(T) asiache uanachama wake uishe wakati akifuatilia leseni ya Marekani, na aliyeanza na ya Marekani, kama ana mpango wa kukagua hesabu Tanzania, aende NBAA na hati zake zote aulize atasajiliwa kwa utaratibu gani.